GUNIA LENYE NUNDU

Wapo watu wanaodhani kwamba karatasi ya chama haina ruhusa ya kuzungumza ila katiba, uchaguzi na mabaraza ya kutunga sheria. Wakituona tunaandika habari ya debe, ya taa iliyozimika au ya mzaha unaosemwa barazani, hutuuliza, "Jee, mambo yamekwisha hata mnaandika haya?" Jawabu yetu ni kwamba mambo hayajakwisha. Mwananchi haamki asubuhi akakutana na katiba mlangoni pake. Akiamka hukutana na bei ya unga, na bomba lisilotoa maji, na karani anayemwambia arudi kesho. Hayo ndiyo yanayomfundisha kama yeye ni mtu mwenye haki au ni mtu wa kusukumwa.

Kwa sababu hiyo leo tunawachukua wasomaji wetu mbali na bahari, mpaka Milanzi. Milanzi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Ni nchi ya baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai upepo wake humfanya mtu wa pwani ajute kuliacha koti lake nyumbani. Watu wake ni wakulima tangu zama, na wamesifiwa kwa ufundi wao wa kufukia majani ndani ya matuta ili yaoze yawe mbolea, kabla hajaja mtu yeyote kuwafundisha mbolea ni nini. Babu zao walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo kupita kimo cha mtu. Leo zao lao kubwa ni mahindi, na mkoa wao wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kulisha Tanzania.

Msomaji wetu wa Mkoani au wa Makunduchi atauliza, "Milanzi na sisi wapi na wapi?" Tunamwomba asubiri kidogo. Unga wa sembe unaopikwa visiwani kwetu huvuka bahari kutoka bara, na haujulikani mfuko upi una punje ya Ufipa ndani yake. Tena yale yanayomuudhi mtu wa Milanzi, tukiyatazama moja moja, tutaona kwamba tunayajua vizuri.

Kwanza tuseme kwamba Milanzi si kijiji cha jana. Wafipa huitaja kuwa ndiyo chimbuko la utawala wao wa kale. Wazee husimulia kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni. Kisha husimulia kisa cha pili. Mtawala wa Milanzi alikuwa amekwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake watatu wageni wa ukoo wa Twa. Mke wa mtawala akawapokea, na kigoda cha mumewe akampa mmoja wao akikalie. Mume aliporudi alikuta mambo yamekwisha: aliyekalia kigoda ndiye mwenye nchi. Yeye akaachiwa Milanzi yake na heshima ya mambo ya mila, na utawala wa Ufipa ukahamia kwa ukoo wa Twa, ambao baadaye uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile.

Hatukisimulii kisa hiki kumlaumu mwanamke aliyemkaribisha mgeni, kwani kumkaribisha mgeni ni adabu kwao na kwetu. Tunakisimulia kwa sababu ya kigoda. Kigoda ni kipande cha mti. Siku ile mtu angesema, "Kwani kigoda ni kitu gani cha kugombania?" Hata hivyo nchi ilikwenda nacho. Sasa natutazame vigoda vya leo.

Udhia wa kwanza ni wa jina. Inasemwa kwamba maana ya Sumbawanga ni "tupa uchawi". Kwa hivyo jina lenyewe ni la watu wanaoukataa uchawi na kumtaka anayeingia mjini auache nje. Lakini Mfipa akifika Dar es Salaam au Dodoma, akitaja tu alikotoka, watu hucheka na kurudi nyuma hatua moja. Mmoja humwuliza kama amekuja kwa basi au kwa ungo. Mwingine humwomba asimtupie radi. Yule Mfipa hucheka pamoja nao, kwa sababu asipocheka ataambiwa ana hasira na kwamba hasira yake ni hatari. Jambo hilo hurudiwa kazini, chuoni, na siku ya kuposa.

Ndugu zetu wa Pemba hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Ni miaka mingi mno Mpemba naye anabebeshwa mzigo huo huo, na wageni waliokuja na kalamu zao waliuandika katika vitabu. Mzaha wa namna hii una kazi yake. Mtu anayechekwa hasikilizwi. Akisema barabara mbaya, watu humwuliza kwa nini hapai angani. Akisema ameibiwa mazao, huambiwa amroge mwizi. Hivyo shida yake hugeuzwa kichekesho, na mwenye wajibu wa kuiondoa hupata mapumziko. Tunawataka wanachama wetu wote, wakisikia mzaha huu barazani, wa Sumbawanga au wa Pemba, wasiuchekee.

Udhia wa pili ni wa taa. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa imeungwa na gridi ya Taifa. Umeme wake ulinunuliwa Zambia ukaja kwa waya kuvuka mpaka, na ulipopungua ziliwashwa mashine za mafuta. Anayekopa moto kwa jirani hana la kusema jirani akizima jiko lake. Mwaka 2024 ukame uliposhusha maji ya Kariba, Zambia yenyewe ilikaa gizani saa nyingi kila siku. Mshona nguo, mwenye kinyozi, mwenye mashine ya kusaga, wote huujua uchungu wa kukaa mbele ya chombo kizima kisichofanya kazi, huku kodi ya chumba ikihesabika.

Nasi tunaujua. Hatujasahau Mei ya mwaka 2008, waya unaopita chini ya bahari kuja Unguja ulipoharibika, tukakaa takriban mwezi mzima bila ya umeme. Wala hatujasahau Disemba ya mwaka 2009 mpaka Machi ya 2010, miezi mitatu ya majenereta, ya mishumaa, na ya samaki kuoza. Sisi tuko ncha moja ya waya na Milanzi iko ncha nyingine, na mtu wa nchani ndiye wa mwisho kupelekewa na wa kwanza kukatiwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mkataba mmoja ulitugusa sisi na wao. Mwaka 2008 Tanzania ilitiliana saini na shirika la msaada la Serikali ya Marekani, Millennium Challenge Corporation, mkataba wa dola milioni 698. Fedha za mkataba huo zililaza waya mpya wa baharini wa kuja Unguja, zikatengeneza barabara za mashamba Pemba, na zikatia lami barabara ya Tunduma mpaka Sumbawanga. Tunashukuru kwa kila kilichotengenezwa. Barabara iliyokuwa ikimeza magari wakati wa masika sasa hupitika, na malori makubwa hufika Ufipa mwaka mzima. Lakini barabara humfikisha mnunuzi shambani. Haimfundishi kupima kwa haki. Lami ilifika, na mizani haikufuatana nayo kila mahali. Hapo ndipo tunapofika kwenye udhia wa tatu, na huu tutakaa nao zaidi, kwa kuwa ndani yake mna chakula cha watoto wa watu.

Udhia wenyewe ni gunia. Mahindi yakishakauka na kupukuchuliwa, mnunuzi huja na magunia yake. Gunia hujazwa mpaka mdomoni. Mwenye haki angelishona hapo. Lakini huyu hatoshelezwi. Hushonea juu ya mdomo kipande cha gunia jingine, au hufuma kamba kama wavu, akaendelea kujaza mpaka gunia likaota nundu kama ya ng'ombe. Gunia hilo ndilo liitwalo lumbesa. Bei iliyopatanwa ni ya gunia moja, na yeye atalipa gunia moja. Nundu haina bei. Penye debe nako mna hila yake: debe hugongwa kwa ndani mpaka likavimba tumbo, na kila mara linapotumbukizwa hubeba zaidi ya linavyotakiwa kubeba.

Wazee wetu wa visiwani walikuwa na maneno mawili ya kupimia nafaka. Kuna kibaba cha mfuto, kilichopanguswa juu kikawa sawasawa, na kuna kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka kikamwagika. Mtu aliyenunua kwa tele alijua amenunua kwa tele na alilipa bei ya tele. Mnunuzi wa lumbesa anapokea kwa tele na analipa kwa mfuto. Na akisha kuyafikisha mahindi mjini huyauza kwa kilo, kwa mizani, wala hakuna anayeongezewa hata kiganja.

Natupige hesabu, iwe ni mfano tu. Mkulima ameuza magunia 30. Kila gunia lingekuwa na kilo 100, lakini nundu imeongeza kilo 20. Ametoa bure kilo 600, yaani magunia 6 mazima. Kama kilo moja ni shilingi 500, amepoteza shilingi 300,000. Mwaka 2022 Serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia uliwekwa kuwa shilingi 70,000. Basi nundu ile imekula mifuko 4 ya mbolea, na shilingi 20,000 zimebaki juu. Wakiwa wakulima 200 wa namna hiyo, zimeondoka kilo 120,000, ambazo thamani yake ni shilingi milioni 60. Fedha hizo ni paa la skuli, ni kisima, ni dawa. Hazikuibiwa usiku kwa kuvunja mlango. Zimetoka mchana kweupe, mwenyewe akiwa ameshika mdomo wa gunia.

Tumeutaja mfuko wa mbolea kwa makusudi. Mkulima akienda dukani kununua mbolea hupewa kilo 50 na si 51. Saruji ni kilo 50. Sukari hupimwa mpaka punje ya mwisho. Jee, mmepata kuuona mfuko wa saruji wenye nundu? Anapouza mkulima, kipimo hulegea. Anaponunua, kipimo hukaza. Watu wakizoea jambo hilo huliita desturi ya soko, na sisi twasema ni dhulma iliyopewa jina la adabu.

Tunajua majibu yanayotolewa, na ni haki kuyatazama.

Wengine husema, "Mkulima mwenyewe amekubali, hakuna aliyemshika mkono." Twauliza: ni ridhaa gani ya mtu ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa vifaa vya skuli, na deni la pembejeo limefika siku yake, na mahali pa kuhifadhia mahindi hana, na lori lililopo ni hilo moja? Akikataa, lori litakwenda kijiji cha pili. Ridhaa ya namna hii ni ya mtu aliyebanwa, na aliyebanwa huitikia chochote.

Wengine husema, "Mfanyabiashara ana gharama: mafuta, ushuru, matengenezo ya gari." Hatukanushi. Biashara ni kazi ya halali, na bila ya mwenye lori mahindi ya Milanzi yangeliwa na panya. Lakini gharama ina mahali pake, na mahali pake ni katika bei. Mtu na aseme wazi, "Nitanunua kilo kwa kiasi hiki kwa sababu njia ni ndefu." Hapo watu watapatana au wataachana. Kuificha gharama ndani ya nundu ni kumnyima mwenzio nafasi ya kupatana. Tena ushuru wa mazao ukitozwa kwa idadi ya magunia, ile nundu haihesabiwi, na halmashauri yenyewe imedhulumiwa pamoja na mkulima wake.

Na wengine husema, "Sheria ipo." Naam, ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo. Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002. Imekatazwa kufungasha mazao kupita kilo 100, na kila baada ya miaka michache husikika tangazo jipya la kupiga marufuku lumbesa. Twauliza: jambo lililopigwa marufuku mara moja likakoma, hupigwa marufuku mara ya pili na ya tatu kwa sababu gani? Sheria isiyofika kwenye uga wa mkulima siku gunia linapojazwa ni karatasi tu. Kweli Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua kwa mizani, na wakulima huipenda mizani hiyo. Lakini hauwezi kununua mahindi yote ya Ufipa, na yanayobaki huingia katika gunia lenye nundu.

Hata mlango wa soko si wa mkulima. Mwaka 2017 Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na bei ikaporomoka katika mikoa ya mavuno, Rukwa ikiwamo, ingawa mpaka wa Zambia uko karibu nao. Baadaye zuio liliondolewa, lakini aliyekwisha kuuza kwa bei ya hasara hakurudishiwa kitu. Mtu asiyekuwa na sauti juu ya mlango, na asiyekuwa na sauti juu ya kipimo, kilichobaki chake ni jembe tu.

Tusimsahau hamali. Gunia la nundu halipandi lorini lenyewe. Huinuliwa na vijana shambani, hushushwa na vijana sokoni, na kila mgongo unaolibeba hulipwa kwa gunia moja. Sisi watu wa visiwani hatuwezi kulisikia neno hamali tukapita tu. Mgomo mkubwa wa mwaka 1948 mjini Unguja ulianza kwa watu wa bandarini, na walichokuwa wakikidai ni malipo yanayolingana na kazi na gharama za maisha.

Na kwa wale wanaoendelea kusema kwamba haya ni mambo madogo, tunawakumbusha mwaka 1951. Wakulima wa Kiembe Samaki walikataa amri ya wakubwa juu ya mifugo yao; hawakutaka ng'ombe wao wadungwe sindano bila ya kusikilizwa wao wenyewe. Watu wa serikali ya wakati ule waliona ni ubishi wa wachunga ng'ombe. Wakawashitaki na kuwafunga, umati ukakusanyika, polisi wakapiga risasi, na watu wakafa. Vita vya Ng'ombe vikaingia katika tarikhi ya siasa za Zanzibar. Serikali iliyodharau malalamiko ya zizini iliyakuta barabarani.

Kwetu sisi hesabu ya kipimo si ngeni. Mchumaji wa karafuu amelipwa kwa pishi miaka na miaka, na kila mchumaji anajua tofauti ya pishi iliyopanguswa na pishi iliyosukwasukwa ikashindiliwa. Muuza karafuu anajua frasila ya ratili 35, na anajua kusimama karibu na mizani, kuutazama mshale, asigeuze uso. Ujuzi huo haukuja kwa kusoma. Umekuja kwa kupunjwa.

Basi tunasema hivi. Mazao yauzwe kwa kilo na bei itajwe kwa kilo, na neno gunia libaki kuwa jina la chombo, lisiwe jina la kipimo. Kila kijiji kinachouza nafaka kiwe na mizani iliyokaguliwa, iliyowekwa hadharani, ambayo mkulima na mnunuzi wanaisoma pamoja. Wakulima wauze kwa pamoja, kwa kuwa lori linaweza kumwacha mtu mmoja aliyekataa nundu, wala haliwezi kukiacha kijiji kizima likarudi tupu Tunduma. Na mkaguzi wa vipimo aonekane msimu wa mavuno, mwezi wa Juni na wa Julai, baridi isimzuie; asisubiri kuja Oktoba wakati maghala yamekwisha kuwa matupu.

Nanyi wanachama wetu mna sehemu yenu. Kila mmoja atazame kipimo kilicho karibu naye: fungu la muhogo, kibaba cha mchele, pishi ya karafuu, dumu la mafuta ya taa. Aulize bila ya ugomvi, na aulize mbele ya watu. Na akiwa yeye ndiye muuzaji, aanze na kipimo chake mwenyewe, kwani hatuwezi kudai uadilifu Sumbawanga huku kibaba chetu kina kitako cha uongo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa haba na haba hizo hizo kibaba pia humwagwa, na anayemwaga hutarajia kwamba mwenye kibaba ataona haya kugombania punje. Mkulima wa Milanzi asione haya. Na sisi tusione haya kumsemea, maana siku akipata mizani ya kweli, atakuwa amelipwa jasho lake lote, na kigoda chake kitakuwa kimerudi nyumbani.